Je, wajua kwa nini makombora mawili yaliikosa ndege ya abiria Mombasa mwaka 2002?

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Alikuwa akienda umra, apitie Addis Ababa mpaka Jeddah, na ndani ya mkoba wa mkononi alikuwa ametia chupa ya achari ya maembe kwa ajili ya binti yake aliyeolewa huko. Sanduku kubwa lilikwisha kufungwa kwa nailoni. Mlangoni pa jengo la abiria, mimi nimesimama nje, nikamwona akivua makubadhi na kuuweka mkoba kwenye mashine. Ukatoka upande wa pili, na askari wa kike akaitoa ile chupa.

"Shikamoo mama. Hii mkononi haitapita. Ungeitia kwenye sanduku."

"Marahaba, mwanangu. Ni achari tu, nimeipika mwenyewe."

"Najua, mama. Lakini ni majimaji, na imezidi mililita mia."

Shangazi akarudi mlangoni kunikabidhi chupa. Kisha akamgeukia yule askari, na wala hakuwa na hasira: "Haya. Sisi wa ndani mwatuvua makubadhi, mwatuzuilia achari. Na yule aliye nje ya ua, yeye akaguliwa na nani?"

Shangazi anakaa Magongo, mwendo mfupi kutoka uwanjani. Hakuuliza kwa kubahatisha. Alikuwa nyumbani kwake asubuhi ile ya Alhamisi, tarehe 28 Novemba 2002, katika kumi la mwisho la Ramadhani, mwezi mmoja kabla ya uchaguzi uliofunga enzi ya Rais Moi. Asubuhi hiyo ndege ya kampuni ya Arkia ya Israeli, Boeing 757 yenye abiria 261 na wafanyakazi 10, iliruka kutoka Mombasa kwenda Tel Aviv. Ilikuwa ndiyo kwanza inapanda pale watu waliojificha upande wa Changamwe walipoirushia makombora mawili. Marubani walisikia kishindo kidogo, wakaona michirizi ya moshi ikiwapita. Ndege haikuguswa. Wakaamua kuendelea na safari, na saa kadhaa baadaye wakatua salama wakisindikizwa na ndege za kivita za nchi yao.

Asubuhi hiyohiyo gari lililosheheni vilipuzi lilivamia Paradise Hotel, Kikambala. Wakenya 10 na Waisraeli 3 wakauawa, mbali na washambuliaji wenyewe. Miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wachezaji ngoma waliokuwa wakiwapokea wageni. Al-Qaeda ilidai kuhusika na mashambulizi yote mawili. Msiba wa Kikambala tunaukumbuka kila mwaka, na ni haki yake. Lakini wale watu 271 wa angani, ambao walinusurika na sote tukashusha pumzi, tumewasahau upesi mno, na pamoja nao tumelisahau swali: mbona makombora yalikosa?

Silaha iliyotumika inaitwa Strela-2, neno la Kirusi lenye maana ya mshale. Nchi za Magharibi huiita SA-7. Jeshi la Kisovieti lilianza kuitumia mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni bomba la urefu wa kama mita moja na nusu, na uzito wake kama kilo 15, kwa hiyo mtu mmoja hulibeba na kulirusha akiwa amelikalisha begani. Kombora lililomo ndani halina rubani wala rada. Lina jicho linalotafuta joto, na likishaliona joto la injini hulifuata lilikokwenda.

Humo ndani ya jicho ndimo sehemu kubwa ya jibu ilimo. Ukisimama mbele ya injini ya ndege kubwa ya abiria utaona pangaboi pana kuliko urefu wa mtu. Wengi hudhani hewa yote inayomezwa na pangaboi lile huingia kwenye moto. Sivyo. Sehemu kubwa ya hewa hiyo hupita pembeni, ikauzunguka moto, ikatokea nyuma ikiwa baridi na kuchanganyika na ule moshi wa moto. Ni kama jiko la makaa lililowekwa mbele ya feni kubwa: joto lipo, lakini limekorogwa na hewa nyingi mpaka mtu aliyekaa mbali kidogo halihisi sana. Injini ya ndege ya kivita ni kinyume chake. Inatema moto karibu mzima mzima, na ndiyo iliyokuwa akilini mwa wahandisi waliolitengeneza jicho la Strela-2. Tena jicho hilo la zamani halina kipoozeo ndani yake, kwa hiyo halioni vizuri isipokuwa limeitazama ndege kutoka nyuma, na jua au wingu linalong'aa huweza kulihadaa likaiacha injini.

Sababu ya pili ni uzee. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliofuatilia biashara ya silaha Somalia waliripoti mwaka 2003 kwamba makombora ya Mombasa yalitoka Yemen, yakapitishwa Somalia, ndipo yakaingizwa Kenya. Yalikuwa na umri wa miaka mingi. Silaha ya namna hii ina betri, ina kemikali, ina kioo chembamba mbele ya jicho. Ukiihifadhi ghalani jeshini, pakavu, itadumu. Ukiipitisha jangwani, kisha ndani ya jahazi lenye chumvi na unyevu, kisha ukaifukia mahali, itaharibika pole pole bila kuonyesha dalili kwa nje. Kila mtu wa pwani anajua chumvi inavyokula chuma.

Ya tatu ni mkono wa mrushaji mwenyewe. Kulenga kitu kinachopanda kwa kasi, ukasubiri jicho likikamate, na muda ulio nao ukawa mfupi, kunataka mazoezi ambayo kundi la kujificha halipati kwa urahisi. Wataalamu wametofautiana ni ipi kati ya hizi iliyotia uzito zaidi siku ile. Mimi nashuku zilikutana zote.

Lakini asije mtu akadhani silaha hii ni kitu cha kudharau. Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, ndege mbili za abiria aina ya Viscount ziliangushwa kwa Strela-2 baada ya kuruka kutoka Kariba. Ya kwanza ilikuwa Septemba 1978, na baadhi ya walionusurika kuanguka wakauawa chini kwa risasi. Ya pili ilikuwa Februari 1979, na watu wote 59 waliokuwamo wakafa. Kigali, tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowabeba marais wa Rwanda na Burundi ilitunguliwa kwa kombora ilipokuwa ikitua, na yaliyofuata katika nchi ile twayajua. Machi 2007, jirani zetu Mogadishu, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin ilitunguliwa ikiwa imeruka tu, wakafa watu 11. Iliyopona baada ya kupigwa sawasawa ni ile ya mizigo ya DHL huko Baghdad, Novemba 2003: bawa la kushoto likiwaka, mitambo ya kuongozea imekufa, marubani wakaigeuza na kuitua kwa kucheza na nguvu za injini peke yake.

Sasa tulirudie swali la shangazi. Ukaguzi wa ndani ya jengo ni kama daftari la misiba, na kila sharti lina tarehe yake. Mzigo usiruke bila mwenyewe: sharti hili lilikazwa baada ya Lockerbie, Desemba 1988, sanduku lisilo na abiria lilipoiangamiza ndege ya Pan Am wakafa watu 270. Vua viatu: Desemba 2001, mtu alipojaribu kuwasha kilipuzi alichokificha kiatuni ndani ya ndege iliyotoka Paris kwenda Miami. Mililita mia: Agosti 2006, polisi wa Uingereza walipogundua njama ya kupandisha vilipuzi vya majimaji kwenye ndege za kwenda Amerika, vikiwa ndani ya chupa za vinywaji. Achari ya shangazi imeingia kwenye hesabu hiyo, kwa kuwa sheria inaangalia ujazo wa chupa na hairuhusu askari kuangalia uso wa mwenye chupa. Mimi naona ni sawa iwe hivyo.

Ila hakuna mashine kati ya hizo inayomhusu mtu aliye nje ya ua, na hapo ramani ndiyo inayoeleza. Strela-2 haifiki juu zaidi ya mita 2,300 hivi. Ndege ya abiria ikishapita hapo haimo tena mikononi mwake, na kwa kawaida huchukua kama dakika tatu kufika. Hatari basi imo katika dakika hizo chache za kuruka, na zile za kutua. Lakini kwa upana wa ardhi ni eneo kubwa mno, kwa sababu kombora lenyewe huenda kilomita tatu na zaidi. Njia ya kurukia ya Mombasa ina urefu wa zaidi ya kilomita tatu. Upande mmoja kuna mkono wa bahari wa Port Reitz, na kwingine ni makazi: Magongo, Chaani, Changamwe, Mikindani. Huwezi kuzungushia ua watu wote hao.

Israeli, baada ya yaliyotokea hapa kwetu, iliamua kuzifungia ndege zake za abiria kinga. Kwanza ukaja mtambo wa kutupa mioto ya kulihadaa jicho la kombora, na baadaye mtambo wa miale ya leza unaolipofusha. Ni kinga ya kweli, ila ni ghali, na kampuni nyingi za ndege duniani hazikuifuata. Nchi nyingine zimeshughulikia ghala: tangu 2003 makombora ya begani zaidi ya 30,000 yameharibiwa kwa mipango inayodhaminiwa na Marekani, ili yasiibwe wala kuuzwa. Uingereza ilituadhibu kwa njia yake. Mei 2003, kwa kuhofia shambulio, ilisimamisha safari za ndege zake kuja Kenya kwa wiki kadhaa, na ufuo wetu, uliokuwa haujapoa jeraha la Kikambala, ukakosa wageni.

Na kuna jambo la Januari 1976 ambalo huwa halitajwi sana. Karibu na uwanja wa ndege wa Nairobi, polisi wa Kenya waliwakamata watu waliokuwa na makombora ya aina hiihii, wakiisubiri ndege ya El Al, kampuni ya Israeli. Halikurushwa kombora hata moja. Hawakukamatwa na mashine. Walikamatwa kwa sababu habari zao zilifika mapema kwa anayepaswa kuzijua.

Ndiyo maana mimi nasema mlinzi wa zile dakika tatu ni mkazi wa Magongo na Chaani. Anayeuza viazi karai kando ya barabara anazijua gari zote zinazopita, na mwenye bodaboda anajua nani mgeni kwenye uchochoro upi. Mpango wa Nyumba Kumi, wa majirani kujuana na kulindana, ulioanzishwa mwaka 2013 baada ya shambulio la jumba la maduka la Westgate, Nairobi, ulijengwa juu ya wazo hilo. Lakini mtu hupeleka habari kwa anayemwamini. Mombasa imeona vijana wakikamatwa usiku na wasionekane tena, na mashirika ya haki za binadamu ya hapahapa yameweka orodha ya majina yao. Mswada wa kwanza wa ugaidi, wa mwaka 2003, ulipingwa vikali na Waislamu na wanasheria kwa kuogopa mambo hayo hayo, na sheria haikupita mpaka 2012. Mama ambaye mwanawe alichukuliwa na gari lisilo na namba hatapiga simu kituoni akiona gari geni. Kila kijana anayepotezwa hivyo analiacha jicho moja limefumbwa chini ya njia ya ndege, na hasara hiyo hainunuliki kwa mashine yoyote.

Siku ile, baada ya shangazi kuingia ndani, sikuondoka. Nilikwenda Magongo nikaketi kwenye benchi la mama mmoja muuza viazi karai, chupa ya achari mkononi, nikingoja ndege ya Addis. Ilipotokea juu ya mapaa nikatazama saa. Dakika ya kwanza bado nilikuwa nayaona madirisha. Ya tatu ilipokwisha imekuwa kitone.

Nikamwachia yule mama ile achari, maana kwa viazi inafaa. Akaifungua, akainusa, akashukuru. Kisha akaonyesha kwa kidevu gari jeupe lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, chini ya mwembe.

"Lile limekaa hapo tangu saa mbili," akasema. "Nimekwenda kumuuliza mwenyewe. Ni fundi wa maji, anafanya kazi nyumba ya nyuma. Nimechungulia, mabomba ya maji kweli yamo."