Kidani cha waya: jiwe linashikwaje bila gundi wala tundu

Kidani cha waya ni jiwe dogo lililong'arishwa na kufungwa kwa waya mpaka likapata kitanzi cha kupitishia cheni. Halitobolewi na halitiwi gundi. Wengi huona waya huo kama urembo tu, lakini urembo ni kazi yake ya pili. Ya kwanza ni kulibana jiwe lisichomoke mbele, nyuma wala ubavuni. Ukishika kidani cha aina hii, kabla hujakisifia kitikise karibu na sikio. Kikigongagonga, kazi haijaisha.

Ushanga ni kitu kingine, maana wenyewe hutobolewa. Shanga za mawe ambazo mwanaakiolojia Mary Leakey alizichimbua mwaka 1938 katika pango la Mto Njoro, Nakuru, zina matundu, na aliyewahi kutoboa akiki, jiwe gumu la vito, anajua jasho lake. Waya unakuepusha na kazi hiyo. Ndiyo maana unafaa sana mabaki ya fundi wa vito: pembe zilizobaki baada ya kukata, vipande vilivyopasuka kabla havijapata umbo, na vile vilivyo vidogo mno kwa pete.

Mabaki hayo mara nyingi ni bora kuliko jiwe zuri la mviringo. Kokoto laini kama yai huteleza ndani ya waya, huna pa kulishika. Kipande chenye kona tatu, bonde ubavuni au bega lililojitokeza humpa waya mahali pa kukaa. Ukikinoa mpaka kiwe yai, umejitafutia taabu mwenyewe.

Si kila jiwe linakubali. Katika kipimo cha Mohs, yaani kipimo cha ugumu wa mawe na madini, shaba nyekundu iko kwenye 3, akiki na jaspi, jiwe gumu mwenzake, karibu 7. Waya wa shaba hauwezi kuzikwaruza, kwa hiyo ubane bila woga. Obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalopatikana Eburru na pande za Naivasha, iko 5 hadi 5.5. Haikwaruzwi na waya, lakini ni kioo: ukingo mwembamba kuliko milimita 2 humeguka ukiubana kwa koleo. Ukingo huo uviringishe kwanza kwa msasa wa maji, namba 220 kisha 400 kisha 600, jiwe likiwa limelowa muda wote, kwa sababu vumbi la mawe ya namna hii huharibu mapafu. Jiwe la sabuni la Tabaka, Kisii, ni laini kuliko shaba; waya huchimba mfereji, na baada ya muda jiwe hulegea. Hilo litoboe tu.

Waya si lazima uagizwe mbali. Kebo ya umeme ya milimita 4 za mraba yenye nyuzi saba ina nyuzi za unene wa karibu milimita 0.85, na huo ni unene mzuri wa fremu, yaani nyaya zinazolizunguka jiwe. Nunua mita moja kwenye hadiwea yoyote Nakuru au Kisumu, uichune plastiki kwa kisu. Usiichome: moshi wake ni sumu na shaba hubaki nyeusi. Kwaruza ncha kwa tupa kabla ya kulipa. Ikitoka nyeupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba na itakukatikia. Waya mwembamba wa kufungia, wa milimita 0.4, uulize kwa mafundi jua kali wanaosuka upya mota. Wao wana waya wenye varnishi, unaobaki kung'aa ila ukikwaruzwa huacha doa.

Chukua kipande cha urefu wa milimita 25, upana 18, unene 5. Zungushia uzi ukingoni, uupime: kama sentimita 7. Ongeza 11 za kichwa, yaani sehemu ya juu yenye kitanzi. Kata nyaya tatu za fremu za sentimita 18, na vipande vinne vya waya mwembamba vya sentimita 10 kila kimoja.

Nyoosha zile tatu kwa kuzivuta ndani ya kitambaa, uzilaze sambamba na kuzifunga tepu kwenye ncha. Katikati kabisa zungushia waya mwembamba mara tano, kila mzunguko ukigusana na mwenzake. Hicho ndicho kitako cha kidani. Pima milimita 18 kila upande, ufunge tena vivyo hivyo. Ncha zote za waya mwembamba ziishie upande utakaogusa jiwe. Kisha zungusha fremu ukingoni mwa jiwe mpaka nyaya zikutane juu, zikunje kwa koleo bapa zisimame wima, na kipande cha nne kizifunge zote sita.

Hapo jiwe bado linaweza kuchomoka, na wanaoanza wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza. Kwa ncha butu ya kisu, vuta waya wa mbele katika zile nafasi nne kati ya vifungo, uupandishe juu ya uso wa jiwe kama milimita moja na nusu. Geuza, fanya hivyo kwa waya wa nyuma. Wa kati ubaki ukingoni. Hauhitaji waya wa ziada kwa kuvuta huko, maana waya unaokata kona una safari fupi kuliko unaofuata ukingo.

Kwa kitanzi, kunja nyaya mbili za kati kurudi nyuma juu ya msumari mnene wa milimita 5 hivi, wa inchi nne unakaribia. Kitanzi chembamba zaidi ya hapo kitakataa ndoano ya cheni. Ncha zake zizunguke shingo mara moja, zikatwe. Nne zilizobaki zikate zibaki sentimita moja: mbili za mbele zikunje kama konokono, za nyuma zilaze.

Jiwe likicheza, usilifungue. Bana waya wa nyuma kwa ncha ya koleo ufanye wimbi dogo; wimbi hula ulegevu. Waya ukikatika pale unapokunjwa kusimama wima, umeukunja na kuukunjua mno: shaba hukakamaa kila unapoikunja, kwa hiyo kunja mara moja tu. Alama za meno ya koleo huzuiwa kwa kuvisha taya tepu.

Shaba huacha kijani shingoni kwa sababu ya jasho. Rangi ya kucha isiyo na rangi husaidia wiki chache tu, kisha hubanduka vipandevipande. Afadhali kisugue kwa ndimu na chumvi, suuza, kausha. Mwisho pitisha kidani polepole juu ya soksi ya nailoni. Mahali itakaponasa, pana ncha ambayo tupa haijaifikia.