Usahihi wa sindano ya botulinamu shingoni: maana yake nini?

Mwenye distonia ya shingo hakulalia shingo vibaya. Misuli yake inajikaza yenyewe: kichwa kinageuka, kinainama au kinatikisika, na mara nyingi kuna maumivu. Tiba kuu ni sindano ya sumu ya botulinamu, ileile ya kuondoa makunyanzi, ambayo Marekani iliiidhinisha kwa ugonjwa huu mwaka 2000. Huizuia neva isitoe asetilikolini, kemikali inayouamuru msuli ujikaze. Nafuu hudumu takriban miezi 3, kisha mtu anarudi kuchomwa.

Usahihi hapa una sura mbili, na watu huzichanganya.

Kwanza ni kuutambua msuli mkosaji, na hapo shingo hudanganya. Chukua ule msuli mnene unaoanzia nyuma ya sikio hadi juu ya kidari. Ukijikaza, hugeuza kichwa upande wa pili. Kwa hiyo kichwa kikigeukia kulia, mshukiwa wa mbele yuko kushoto, ilhali mwenzake wa kisogoni, anayegeuza kichwa upande wake mwenyewe, yuko kulia. Tena msuli unaouma huenda si mkosaji. Huenda unauma kwa sababu unapambana kukirudisha kichwa mahali pake. Ukichoma huo, umemlegeza mlinzi.

Pili ni kuifikisha sindano ndani ya msuli uliochaguliwa. Misuli ya shingo imelaliana tabaka kwa tabaka, jirani na ateri kubwa na koo. Dawa ikisambaa kuelekea koo, kumeza chakula kunakuwa kazi.

Daktari mzoefu hupapasa kwa vidole, na kwa misuli ya juujuu mara nyingi inatosha. Kwa ile ya ndani, vidole havioni. Wengine hutumia sindano inayopokea umeme wa msuli, na msuli unaojikaza husikika ukinguruma kwenye spika. Wengine hutumia altrasaundi, inayoonyesha matabaka, mishipa ya damu na ncha ya sindano. Napenda picha hiyo, ila isitupumbaze: inaonyesha msuli ulipo, haisemi kama ndio wenye kosa.

Ndiyo maana wiki 4 hadi 6 zikipita bila nafuu, daktari makini hakimbilii kuongeza dozi. Huushika kwanza msuli aliouchoma, aone kama umelegea. Kama umelegea na kichwa bado kimepinda, huenda alilenga vizuri msuli usiohusika.