Pesa za soka la wanawake: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Soka la wanawake halina watazamaji, ndiyo maana halina pesa.

Ukweli: Tarehe 26 Desemba 1920, takriban watu 53,000 waliujaza uwanja wa Goodison Park, Liverpool, kuwatazama Dick, Kerr Ladies, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha Preston, ikicheza na St Helens, huku maelfu wengine wakibaki nje kwa kukosa nafasi. Viingilio vilivuka pauni 3,000, zikatolewa kwa misaada ya hisani. Kabla mwaka haujatimia, tarehe 5 Desemba 1921, Chama cha Soka cha England kikavikataza vilabu wanachama kuwapa wanawake viwanja, na katazo hilo likadumu takriban nusu karne. Kinachoitwa leo ukosefu wa soko, basi, ni duka lililofungwa kwa amri, tena foleni ikiwa mlangoni.

Dhana: Thamani ya matangazo yake ya televisheni imeshapimwa, na ni ndogo.

Ukweli: Kabla ya Kombe la Dunia la 2023, FIFA iliuza haki za matangazo ya wanawake pamoja na za wanaume, mithili ya nyongeza anayoitupia muuza nyanya juu ya fungu. Zilipouzwa peke yake, baadhi ya televisheni za Ulaya zilitoa, kwa mujibu wa rais wa FIFA, Gianni Infantino, dola milioni 1 hadi 10 tu. England, ligi kuu ya wanawake imeuza haki za matangazo za misimu mitano kuanzia 2025 kwa takriban pauni milioni 65. Ni fedha ya maana, ingawa mbele ya mabilioni ya wanaume bado ni chenji.

Dhana: Mchezaji akienda nje, klabu yake ya nyumbani inatajirika.

Ukweli: Hapa ndipo wengi wetu tulipojidanganya, Mtanzania Aisha Masaka alipojiunga na Brighton ya England mwaka 2024 na kabla yake Mtanzania mwenzake Clara Luvanga alipotua Al Nassr ya Saudi Arabia, wote wakiwa wamepitia Yanga Princess. Fidia ya mafunzo, ambayo klabu iliyomlea mchezaji wa kiume huidai, kwa miaka mingi kanuni za FIFA hazikuihusisha na soka la wanawake. Upo mchango wa mshikamano, yaani asilimia 5 ya ada ya uhamisho, unaogawanywa kwa klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23. Lakini lazima ada yenyewe iwepo, na wachezaji wengi wa kike huhama mkataba ukiwa umekwisha. Klabu ya Dar es Salaam inayomsainisha binti mwaka mmoja mmoja haina cha kudai siku anapopanda ndege.