Boksi la usukani kwa gari la kasi: angalia ulegevu kabla ya uwiano

Wanaojiundia magari ya kukimbia kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville, Marekani, au kwenye maziwa makavu huniuliza: nifunge boksi la usukani la uwiano gani, yaani usukani uzunguke digrii ngapi ili magurudumu yakate digrii 1? Nami huwauliza: la kwako linacheza kiasi gani likiwa katikati? Wengine huona nawakwepa, kwa hiyo acha nipige hesabu.

Chukua gari lenye mita 4 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, likienda kilomita 300 kwa saa. Ukikata magurudumu ya mbele digrii 1 tu, umelitaka gari lifuate duara ambalo nusu kipenyo chake ni kama mita 230, na kwa kasi hiyo litahitaji nguvu ya upande iliyo mara tatu ya uzito wake. Chumvi haina mshiko huo. Litateleza kwanza. Marekebisho ya upole, ya nguvu isiyozidi sehemu moja ya kumi ya uzito, yanataka digrii 0.03 hivi kwenye magurudumu. Kwa uwiano wa 15:1 hiyo ni nusu digrii ya usukani, na kama usukani una kipenyo cha sentimita 30, mkono wako umesogea milimita moja na ushei.

Sasa funga boksi lililochakaa, ambalo ukingo wa usukani unakwenda sentimita 1 nzima kabla magurudumu hayajaitika. Ulegevu huo ni robo digrii kwenye magurudumu, karibu mara nane ya marekebisho uliyoyahitaji. Dereva anahangaika na usukani, gari linaamua lenyewe.

Ndiyo maana boksi la skrubu (ambamo hesi ya shafti ya usukani ndiyo inayosukuma mkono wa boksi), liwe la gololi au la rola, silidharau hata kidogo. Mengi yamechongwa ili meno yabanane zaidi pale katikati na kulegea kuelekea pembeni. Lakini lazima ukipate hicho kitovu. Zungusha shafti kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukihesabu mizunguko, kisha rudi nusu yake. Kwenye boksi ambalo halijachakaa utasikia limekaza kidogo linapopita hapo. Skrubu ya kubana irekebishwe likiwa hapo hapo. Kisha nyoosha magurudumu kwa kurekebisha urefu wa fimbo inayounganisha boksi na magurudumu, boksi likiwa halijahama. Ukifunga haraka na kuunyoosha usukani tu kwa kuuhamisha meno kwenye shafti, utakimbia mbio zote ukiwa kwenye sehemu iliyolegea, halafu ulilaumu boksi.

Uwiano wenyewe unapatikana kirahisi. Mkono wa boksi (unaovuta fimbo) ukiwa na milimita 100 na mkono wa gurudumu (unaovutwa na fimbo) 150, boksi la 16:1 linakuwa 24:1, na ulegevu wa ndani ya boksi unafika kwenye magurudumu ukiwa umepungua kwa theluthi. Kwa gari la kwenda moja kwa moja napenda 20:1 kwenda juu. Utapoteza uwezo wa kukata kona kali, lakini kona unayoihitaji ni ile ya kugeuza kurudi kwenye mstari wa kungojea, na hapo kuna nafasi tele.

Badala ya boksi kuna reki, ufito wa meno unaosukumwa kushoto na kulia na gia ndogo iitwayo pinioni. Reki ni nyepesi na ina viungo vichache. Shida ni kwamba pinioni ndiyo inayoamua: ikisogeza reki milimita 50 kwa mzunguko mmoja, na mkono wa gurudumu ni milimita 150, una 19:1 hivi. Ukitaka taratibu zaidi itabidi urefushe mikono ya magurudumu. Reki za magari ya mbio za viwanja vifupi huwa za haraka mno kwa kazi hii, hata zikiuzwa kwa bei ya kutamanisha. Pia usifunge reki kwenye fremu wakati ekseli ya mbele ni kipande kimoja na inapanda na kushuka kwa springi; kila tuta litakata magurudumu bila ruhusa yako. Hapo tumia boksi na fimbo ndefu. Kama mbele hakuna springi kabisa, reki ndiyo chaguo langu la kwanza.

(Thrust SSC, gari la jeti la Uingereza lililofikisha kilomita 1,228 kwa saa mwaka 1997, lilikata kwa magurudumu ya nyuma. Usiige.)

Pampu ya kusaidia usukani iache. Inakula nguvu ya injini na kuficha kile ambacho mikono yako inapaswa kukihisi. Ukiligeuza boksi kichwa chini au kulihamisha mbele ya ekseli, hakikisha ukikata kushoto gari linakwenda kushoto, maana si kila mpangilio unabaki na mwelekeo uleule. Mwisho, mtu autikise usukani magurudumu yakiwa chini, wewe ukiwa umeweka kidole kwenye ungio la boksi na fremu. Bamba linaloshikilia boksi likisogea hata kidogo, ongeza mhimili wa kulikaza kabla hujanunua boksi jingine.