Miti ya asili nyumbani: pima ukubwa wa mti mzima kabla ya kununua mche

Mche wa mwiritsa (Prunus africana) kitaluni hauzidi kimo cha goti. Katika msitu wa Kakamega, mti huohuo hupita mita 30. Watu wengi huchagua kwa kutazama mche, wakaupanda mita mbili kutoka ukutani, na miaka michache baadaye wanatafuta fundi wa msumeno. Kwa hiyo anza na nafasi. Kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, ukitoa nyumba, choo, tangi la maji taka na nyaya za umeme, mara nyingi hubaki mahali pa mti mmoja mkubwa au miwili ya wastani.

Kwa nafasi ndogo, sisi huanza na lusiola, ambao Wajaluo huuita siala (Markhamia lutea). Matawi yake hayasambai sana, hutoa maua ya manjano, na ukikatwa huchipua tena. Mita tano kutoka ukutani zinautosha. Mukomari (Cordia africana) una kivuli kipana na maua meupe yanayopendwa na nyuki, ila hupukutisha majani kiangazi na kuziba mifereji ya paa. Upe mita nane. Mkuyu na jamii yake uweke mita 15 au zaidi kutoka kwenye nyumba na mabomba, maana mizizi yake hufuata maji. Kama huna nafasi hiyo, usiupande.

Kisha tazama mahali ulipo. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na udongo wake wa volkano hupitisha maji upesi. Hapo musine (Croton megalocarpus), mzeituni mwitu na podo hustahimili, ingawa miwili ya mwisho hukua polepole. Kisumu iko chini, kama mita 1,130, na ina joto: mwiritsa, ambao ni mti wa nyanda za juu, hudhoofika huko. Uwanda wa Kano, jirani na Kisumu, una udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji wakati wa mvua na kupasuka kiangazi. Inua tuta la sentimita 30, upande siala juu yake.

Kitaluni, usivutiwe na mche mrefu. Mzuri una sentimita 30 hadi 45, na shina lenye unene wa penseli. Inua mfuko utazame chini: mzizi uliotoboa mfuko na kuingia ardhini utakatika mche ukiinuliwa, na majani yatanyauka. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko ni hatari zaidi, kwa sababu huendelea kujikaza kadiri inavyonenepa, na mti mkubwa huja kuangushwa na upepo. Ukikuta hali hiyo imeanza tu, kata sentimita moja au mbili za chini kwa wembe mkali. Ikiwa imejisokota mpaka juu, acha mche huo. Mbegu zilizothibitishwa huuzwa na Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya (KEFRI), yenye vituo Maseno na Londiani.

Chimba shimo mapema, kabla ya mvua za Machi, sentimita 60 kila upande na kwenda chini. Weka udongo wa juu kando na wa chini kando. Changanya ule wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza kabisa. Mbichi huunguza mizizi na kuvuta mchwa. Subiri mvua iloweshe ardhi vizuri, ndipo upande.

Ondoa mfuko wote, hata kama udongo unataka kubomoka. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, ibaki usawa wa ardhi, kwani shina likifukiwa ganda lake huoza. Shindilia kwa mkono, mwagilia lita 10, kisha tandaza majani makavu unene wa sentimita saba, ukiacha wazi sentimita 10 kuzunguka shina ili mchwa wasipate njia.

Kiangazi cha kwanza, upe mche lita 10 mara mbili kwa wiki. Maji kidogo ya kila siku huishia juu, na mizizi haishuki. Palilia duara la mita moja, na zungushia miti mikavu au wavu: mbuzi akila ncha ya juu, mti huchipua matawi mawili yanayoshindana, na itabidi ukate moja mapema.