“Kwani sina uhuru wa kusema?” na mengine ninayoyasikia ofisini

Juzi mtu wa tatu ndani ya wiki moja alinisomea Ibara ya 33 ya Katiba ya Kenya kutoka kwenye simu yake. Huyu alikuwa karani wa tali, yaani mhesabu mizigo, kijana wa Mikindani hapa Mombasa, kafutwa kazi kwenye yadi moja ya makontena. Kioo cha simu kimepasuka lakini Katiba inasomeka. “Mama wakili, hapa yasema kila mtu ana uhuru wa kujieleza. Nami nimejieleza.” Nikamwambia haya, hebu nisomee ulivyojieleza.

Akafungua grupu la kazi. Ujumbe wenyewe kautuma saa sita kasoro robo usiku. Nusu ya kwanza ilinifurahisha kwelikweli: adai ovataimu ya miezi minne, ametaja usiku gani alishikilia zamu ya mwenzake na saa ngapi alitoka. Kisha akanyamaza. “Endelea, mwanangu.” Akakuna kichwa. “Hapo nilikuwa na hasira, mama.” Ikabidi niichukue simu nisome mwenyewe. Nusu ya pili ilihusu sura ya meneja, akili za meneja, na mama yake meneja, ambaye sidhani kama amewahi kukanyaga yadi ile.

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, na tangu maandamano ya Mswada wa Fedha ya Juni 2024 naisikia maradufu: kwamba ukishataja Ibara ya 33, ulichoandika hakikugusi tena. Watu husoma mstari wa kwanza wakaizima simu. Shukeni chini kidogo. Ibara hiyohiyo yasema uhuru huo hauhusu propaganda ya vita, uchochezi wa vurugu, matamshi ya chuki wala utetezi wa chuki, kisha inamalizia kwamba anayeutumia lazima aheshimu haki na sifa za wenzake. Halafu kuna Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 44 kinaorodhesha makosa yanayoweza kumfutisha mtu kazi papo hapo, na lugha ya matusi kwa mwajiri au kwa mkubwa wa kazi imo humo, nyeusi kwa nyeupe. Jioni ile meneja alikuwa mdaiwa. Saa sita usiku haijagonga, ameshapewa sababu ya kumfukuza anayemdai, tena bure.

Kinachonikera si matusi yenyewe. Nimezaliwa Majengo, nimeyasikia. Kinachonikera ni kwamba ile nusu ya kwanza ndiyo maneno yanayolindwa kuliko maneno mengine yoyote anayoweza kuyatamka mfanyakazi nchi hii. Kifungu cha 46 chasema wazi kwamba kulalamika dhidi ya mwajiri, au hata kukusudia kulalamika, si sababu halali ya kumfuta mtu, isipokuwa malalamiko yawe ya ovyo yasiyo na msingi. Ibara ya 41 ya Katiba imempa kila mfanyakazi haki ya malipo ya haki, ya mazingira mazuri ya kazi, ya kuingia chama na ya kugoma. Hiyo 41 ndiyo yake! Lakini hakuna aliyewahi kuingia ofisini mwangu akaniimbia 41. Wote ni 33, kama kwamba wamekuja kugombea ubunge.

Mwaka juzi nilikuwa na mpishi wa hoteli moja ya ufuoni, mama mtu mzima, hana hata haraka ya kuongea. Naye aliandika kwenye grupu la kazi. Maneno yake nayakumbuka kwa sababu niliyapiga chapa mimi mwenyewe: “Meneja, asalaam aleikum. Mimi na wenzangu sita wa jikoni twadai ovataimu ya Machi na Aprili. Mimi saa 38. Orodha ya tarehe ni hii hapa chini. Twaomba jibu kufikia Ijumaa.” Ijumaa hakujibiwa. Jumatatu alipewa barua ya kufutwa, sababu “utovu wa nidhamu”. Nilipoisoma barua ile nilitabasamu. Mwajiri alitakiwa athibitishe sababu ya kumfuta, na mbele ya hakimu hakuwa na la kuonyesha ila salamu na tarehe. Hatukufika kwenye hukumu. Walipiga simu wenyewe kutaka tuelewane.

Kwa hiyo nasema kila siku, na wanangu nyumbani wameshachoka kunisikia: dai andika kama risiti. Nani, nini, tarehe gani, saa ngapi, kiasi gani, jibu lini. Kivumishi hata kimoja usiweke. Ukiona mkono unakuwasha, andikia pembeni, kalale, asubuhi baada ya chai ufute. Na uwe na kidaftari cha dukani, uandike saa ya kuingia na ya kutoka kila siku, maana rejesta ya getini iko mkononi mwa mwajiri na siku ya kesi huwa imenyeshewa na mvua.

Tukirudi kwa kijana wetu, waajiri nao wana dhana yao hapa, kwamba aliyetukana anafukuzwa bila kuulizwa, na tena bila kulipwa. Sivyo. Hata kosa liwe kubwa vipi, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira (si cha Katiba, msichanganye) chataka aelezwe kosa kwa lugha anayoielewa na asikilizwe, akiwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Yadi ile ilimwita kwenye kikao kama inavyotakiwa. Alikwenda peke yake, kwa sababu “sina la kuficha”, akawasomea Ibara ya 33. Basi. Kesi ya kufutwa isivyo haki hapo imeshapata homa.

Lakini ovataimu haijafa. Kifungu cha 18 chasema anayefutwa papo hapo, hata kwa sababu halali, alipwe fedha zake zote hadi siku ile. Tukapiga hesabu mezani. Mshahara wake wa msingi 27,000. Amri ya mishahara hugawa kwa 225 kupata saa moja, ni shilingi 120. Ovataimu ya siku za kazi ni mara moja na nusu, 180. Siku ya mapumziko na sikukuu ingekuwa mara mbili. Saa zake 86, zote za siku za kazi. 15,480. Kidaftari hakuwa nacho, ila alikuwa na picha za karatasi za tali alizokuwa akimtumia supavaiza kila akimaliza zamu, na kila picha ina saa yake. Alitaka kuzifuta ili apate nafasi ya video. Nilimkamata mkono.

Hapo hapo niwajibu na wale wasemao “skrinishoti si ushahidi”. Ni ushahidi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka tu uambatanishe cheti kinachoeleza ujumbe ulitolewa kwenye kifaa gani na vipi. Na kwa vile ni ushahidi kwako, ni ushahidi dhidi yako pia: ukibonyeza “futa kwa wote” huwa umefuta kwako na kwa wote ambao hawajapiga picha, na kwenye grupu la kazi hakosi mmoja ambaye ameshapiga.

“Kutukana si kosa tena, mahakama ilifuta.” Kilichofutwa ni jela ya kashfa, yaani ya kumharibia mtu jina: Februari 2017 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu kinakwenda kinyume na Katiba. Madai ya fidia yako palepale, na kazi yako haikuwemo kwenye kesi ile. Matamshi ya chuki ya kikabila nayo bado yana sheria yake ya 2008, faini hadi shilingi milioni moja, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili.

“Ukionekana kwenye picha ya mkutano wa chama fulani, bosi ana haki kukufuta.” Hana. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira chakataza ubaguzi kwa sababu ya maoni ya kisiasa, wazi kabisa, kikiyataja pamoja na dini, jinsia na asili ya mtu. Ila ukiwa mtumishi wa umma, wa kaunti au wa serikali kuu, usiniletee kesi ya fulana ya chama uliyovaa ukiwa kazini. Wewe umefungwa na sheria za maadili zinazokutaka usiegemee upande.

Wapo pia wanaodhani kuuliza mshahara ni siasa, na wanaolisema hili ni wazee waliokulia hapahapa Mombasa! Januari 1947 mji huu ulisimama, bandari, reli, hoteli, hata madobi, na watu wakawa wakikutana uwanjani mahali walipopaita Kiwanja cha Maskini. Walichodai ni mshahara. Chege Kibachia, aliyewaongoza kwenye chama chao, alikamatwa Agosti mwaka uleule akapelekwa mbali, bara huko. Kuita dai la mshahara siasa ni ujanja uliozeeka kuliko mimi.

Ndugu yake dhana hiyo ni ile ya “mshahara ni siri, usimwambie mwenzako”. Sheria yataka malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sasa utajuaje kama si sawa, na kila mmoja kaficha payslipi yake kama picha ya mchumba?

“Mimi kibarua tu.” Ukifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, au kazi isiyotarajiwa kwisha chini ya miezi mitatu, kifungu cha 37 kinakuhesabu wa mwezi, mwajiri apende asipende. Barua huna? Kazi ya miezi mitatu kwenda juu lazima iwe na mkataba wa maandishi, na kuuandika ni jukumu lake. Akishindwa kuutoa mahakamani, mzigo wa kuthibitisha mlivyokubaliana unamwangukia yeye.

Vijana wa tuktuk na teksi za programu za simu wao huambiwa ni “washirika”, wakaamini. Jina mlilopewa kwenye mkataba halimalizi mambo. Jaji hutazama nani anapanga bei, nani anaadhibu, nani anazima akaunti. Kampuni kuwa ng’ambo nako si ngao: Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikubali kwamba Meta, wenye Facebook, inaweza kushtakiwa hapa Kenya na wale waliokuwa wakichuja picha na video za kutisha jijini Nairobi. Na kwa dereva, kanuni za 2022 ziliweka kikomo cha asilimia 18 kwa kamisheni. Ukikatwa zaidi, piga picha ya safari hiyo na nyingine na nyingine, usimtukane anayejibu simu. Huyo naye analipwa kidogo.

Ya mwisho, maana mlangoni wameshajaa. “Haki haiozi.” Inaoza. Una miaka 3 tu ya kufungua kesi ya mkataba wa kazi, na mazungumzo na mwajiri hayasimamishi saa. Kwa madai endelevu, kama ovataimu iliyokuwa ikirundikana, ni miezi 12 tangu ikome. Nimewarudisha watu Likoni na machozi yao kwa sababu ya “aliniahidi atanilipa baada ya Idi”, na hakuna aliyeuliza Idi ya mwaka gani. Na msiseme korti ni ya wakubwa: ukilipwa hadi 80,000 kwa mwezi, kesi yako husikilizwa na hakimu wa kawaida. Hata ofisi ya leba unaweza kuanzia, ukiwahi ndani ya miezi mitatu tangu kufutwa.

Kijana wangu tulimwandikia barua yake ya dai jioni ileile, mistari sita, jumla 15,480, siku 14. Aliisoma mara mbili, akauliza kama inafaa aiweke grupuni wenzake nao waione. Nikamkumbusha kwamba grupuni walishamtoa.