"Sina nidhamu ya pesa": kauli iliyonichosha

Mwezi uliopita nimeisikia tena, safari hii kwa mwalimu wa sekondari mwenye kiwanja alichokinunua miaka sita iliyopita na msingi uliomezwa na majani. "Tatizo langu sina nidhamu ya pesa. Sikuumbwa na moyo huo." Kabla yake aliisema dereva wa bodaboda, na kabla ya huyo, mama lishe. Nafundisha vikundi vya akiba, na sasa uvumilivu umeniishia.

Dhana: nidhamu ni moyo mgumu, mtu huzaliwa nao.

Nilimuuliza mwalimu: pesa ya tofali unaitoa lini? Akajibu, "Itakayobaki mwisho wa mwezi." Basi hapo moyo unasingiziwa bure. Ada, nauli, vocha, rambirambi na tofali zote zinalala kwenye simu moja. Ikifika tarehe 15, atakayepiga kelele kwanza ndiye atakayekula, na tofali halina mdomo.

Litazame sanduku la kikoba. Lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Utaratibu wa vikundi vya namna hii ulianzia Niger mwaka 1991, chini ya shirika la CARE. Haumtafuti mweka hazina mwenye moyo wa chuma. Unajua kwamba hata mwaminifu ana usiku ambao mtoto anachemka homa na pesa za watu ziko uvunguni. Kufuli zinamsitiri asijaribiwe.

Na hao mnaowasifu kwa nidhamu, nimekaa nao. Wengi hawashindani na tamaa kila siku. Wameihama njia yake. Fundi cherehani mmoja kwenye kikundi changu hana ujasiri wowote wa ajabu. Akilipwa kazi ya sare za shule, anapitia kwa muuza vitambaa kabla ya kufika nyumbani. Akifika, pesa imeshakuwa kitambaa, na shemeji hawezi kukopa kitambaa.

Hili limepimwa jirani hapa. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya kwa wanachama wa michezo ya kuzungushiana pesa, matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Baadhi walipewa sanduku la bati, kufuli na ufunguo wao wenyewe, waweke pesa ya kitu cha afya walichokitaja, kwa mfano chandarua. Hawakufundishwa ujasiri. Kupata tu mahali salama pa kuweka pesa kuliongeza akiba ya afya kwa asilimia 66. Wangeweza kulifungua wakati wowote, lakini pesa ilikuwa imeshapewa jina, na ndugu akija kuomba kuna la kumjibu. Sanduku ambalo ufunguo wake ulishikwa na afisa wa mradi halikufua dafu kwenye vitu vya kinga kama chandarua. Kwenye dharura iliyosaidia ni akiba nyingine, iliyotengwa kwa ajili ya dharura za afya. Kwa hiyo usikimbilie kujifungia kila senti. Na waliowekeana kwa kikundi walipata matokeo makubwa sana, jambo ambalo wenye kudharau vikoba hawapendi kulisikia.

Ushauri wangu, ambao wanavikundi wameshaukariri kwa kejeli: tenga kabla hujala, na sema lini na wapi. "Nitaweka akiba" ni dua. "Mshahara ukiingia, kabla sijaondoka kwa wakala, pesa ya matofali 25 inakwenda kwa muuza tofali" ndio mpango. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Peter Gollwitzer, na mwenzake Paschal Sheeran walikusanya majaribio 94 kuhusu mipango ya namna hii mwaka 2006, wakaona inawasaidia watu kutimiza walichokusudia. Programu za bajeti za kwenye simu mimi sizitumii. Nina bahasha.

Dhana: siku 21 zinatosha kujenga tabia.

Namba hiyo imetoka kwa Maxwell Maltz, daktari wa Marekani wa kurekebisha sura, aliyeona wagonjwa wake wanahitaji siku zisizopungua kama 21 kuzoea uso mpya. Uso, jamani, si hisa za kikoba! Phillippa Lally na wenzake wa London, mwaka 2010, waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya: kwa kawaida ilichukua siku 66, kuanzia 18 hadi 254. Na kuruka siku moja hakukubomoa kitu. Kwa hiyo wewe uliyekosa mchango mara moja ukatoroka kikundi kwa aibu, rudi.

Dhana: mwenye malengo humeza hisia zake.

Hawa ndio wanaonipa kazi mwezi Desemba. Tafiti za mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, zimeonyesha kwamba anayezuia hisia isionekane usoni haipunguzi moyoni, na mwili wake unahangaika zaidi. Mume anameza mwaka mzima, jioni moja anavunja kibubu na kununua redio kubwa ili mtaa ujue yupo. Ni nafuu useme, "Leo nina wivu, jirani kaezeka." Kisha ulale. Sheria yangu ni kwamba pesa ya lengo haiguswi siku ya hasira, wala siku ya furaha. Watu hawaiogopi furaha, lakini nimeona wengi zaidi wakiangushwa na kikao cha harusi, wameahidi laki mbili kwa sababu muziki ulikolea, kuliko walioangushwa na ugomvi.

Dhana: asiyeweka akiba ni mzembe.

Ukipata elfu saba kwa siku na nyumba inakula elfu saba, nidhamu itakata nini? Huyo tunazungumza naye kipato, tena kwa heshima.

Mwalimu nilimwomba asinitumie ahadi, anitumie picha. Jana ameituma: matofali ishirini badala ya 25, yamepangwa juu ya majani ambayo bado hajayafyeka.